Tuni na Kordi Zake: Tathmini ya Programu za Kuandikia Nyimbo za Jadi

Utangulizi

Zamani mwanafunzi wa theolojia aliyetaka kuandika tuni ya jadi alihitaji karatasi yenye mistari mitano, penseli, kifutio na uvumilivu. Siku hizi wengi huanza na kompyuta, na hapo hukutana na swali ambalo penseli haikuwauliza: watumie programu ipi? Wengi huliona kuwa swali la mafundi. Humwuliza kijana mmoja wa kwaya anayejua kompyuta, naye huwapa programu aliyonayo, na mambo huishia hapo.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba swali hili linatuhusu sisi sote tuliokabidhiwa nyimbo za watu wetu. Programu ya kuandikia muziki hubeba ndani yake maoni fulani kuhusu muziki ni nini. Hutuuliza maswali kwa utaratibu iliowekewa na waliyoitengeneza, na mwandishi asiye mwangalifu huyajibu yote, hata yale ambayo tuni yenyewe haikuyauliza. Matokeo yake ni kwamba tuni iliyoimbwa na bibi mmoja kijijini hutoka kwenye mashine ikiwa imepewa vipimo sawa, ufunguo, na kordi tatu za gitaa, na baada ya miaka kumi hakuna ajuaye ni kipi kilitoka kwa bibi na ni kipi kilitoka kwa mashine.

Tutazipima programu nne au tano zinazojulikana zaidi kwa kazi moja tu: kuandika tuni ya jadi yenye maneno na kordi. Kwa neno kordi twamaanisha zile herufi, kama G, C au Am, zinazoandikwa juu ya nota ili mpiga gitaa au kinanda ajue ni sauti zipi apige pamoja. Hatutashughulika na muziki wa okestra wala wa bendi, ambao una mahitaji yake mengine.

1. Tuni ni matini, kordi ni ufafanuzi

Kabla ya kupima chombo yatupasa kujua kazi yenyewe. Wasomaji wetu waliojifunza Kiebrania wanakumbuka kazi ya Wamasoreti. Wataalamu hao walipokea matini yenye konsonanti, wakaiwekea alama za irabu na za kukariri ili isomwe vizuri, lakini konsonanti zenyewe hawakuzigusa. Hata pale walipoona kwamba neno lisomwe kwa namna nyingine, waliliacha lilivyoandikwa na kuweka usomaji wao pembeni. Kwa sababu ya nidhamu hiyo sisi leo twaweza kutofautisha kati ya kilichopokelewa na kilichoongezwa.

Tunapendekeza nidhamu iyo hiyo kwa tuni za jadi. Tuni ndiyo matini iliyopokelewa. Kordi ni ufafanuzi wa mtu fulani, wa wakati fulani, mwenye ala fulani mkononi. Ufafanuzi waweza kuwa mzuri sana na wenye kuwasaidia watu, lakini haupaswi kuandikwa kana kwamba ni matini.

Historia ya nyimbo za Kilutheri yenyewe inatufundisha jambo hili. Tuni ya wimbo wa Luther uitwao Ein feste Burg, wa miaka ya mwisho ya 1520, ilikuwa na nota ndefu na fupi zilizochanganyika, na mdundo wake ulikuwa wa kurukaruka. Katika vizazi vilivyofuata watu waliiimba polepole zaidi pamoja na kinanda, na nota zikasawazishwa urefu hadi karibu kila moja ikawa na kordi yake. Namna hiyo iliyosawazishwa ndiyo tunayoikuta katika kantata nambari 80 ya Johann Sebastian Bach. Hakuna atakayesema kwamba Bach aliharibu wimbo. Lakini katika karne ya 19 watu walipotaka kuurudia mdundo wa kwanza, waliweza kufanya hivyo kwa sababu vitabu vya karne ya 16 vilikuwapo, navyo vilikuwa vimeihifadhi tuni kabla haijasawazishwa. Kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani, Evangelical Lutheran Worship cha mwaka 2006, kinazo namna zote mbili, na kila usharika waweza kuchagua.

Tujiulize sasa kuhusu tuni zetu. Wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya, ambao maneno yake yaliandikwa na Mchungaji Bernard Kyamanywa katika miaka ya 1960, huimbwa kwa tuni ya jadi ya Tanzania. Howard Olson, aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo za namna hiyo, na baadhi yake zilichapishwa Marekani mwaka 1977 katika kitabu kiitwacho Lead Us, Lord. Leo wimbo huo umo hata katika kile kitabu cha 2006 tulichokitaja. Kilichosafiri kutoka Tanzania hadi huko kwa njia ya vitabu ni nota zilizoandikwa, na anayeusoma wimbo kitabuni huko haisikii sauti ya mwimbaji wa kwanza. Ndiyo maana namna ya kuandika ina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani.

Tena kordi za gitaa hazitoshei kila tuni. Kordi ya kawaida hujengwa kwa kuruka sauti moja moja, kama doh, me na soh. Lakini zipo jamii ambazo sauti zao zinapokwenda pamoja hazijengwi hivyo. Waimbaji wa Kigogo, kwa mfano, hupenda sauti zinazoachana kwa umbali wa nne na wa tano, kama doh na fah, au doh na soh. Anayeweka kordi ya G juu ya muziki wa namna hiyo huongeza sauti ya me ambayo pengine hakuna mwimbaji aliyeitoa.

2. Vigezo vyetu

Kutokana na hayo tumeweka vigezo vitano. Kwanza, je, programu inaruhusu tuni isiyo na vipimo sawa, au inailazimisha kuingia katika mapigo manne kwa manne? Pili, je, kordi zimetengwa na tuni kiasi kwamba zaweza kuondolewa, kubadilishwa, au kuhamishwa pamoja na ufunguo bila kuigusa tuni? Tatu, je, kuna mahali pa kuandika jina la mwimbaji, kijiji na tarehe, mahali ambapo hapatapotea? Nne, je, faili iliyoandikwa leo itaweza kusomwa baada ya miaka thelathini? Tano, je, mwalimu wa kwaya wa usharika wa kawaida ataweza kuipata na kuitumia?

Uzuri wa ukurasa uliochapwa hatukuuweka miongoni mwa vigezo vikuu. Ni jambo jema, lakini ukurasa mzuri wenye tuni isiyo ya kweli ni hasara, kama hotuba nzuri iliyojengwa juu ya tafsiri mbaya ya matini.

3. Programu za kununuliwa: Finale na Sibelius

Kwa muda wa miaka mingi majina mawili yalitawala uwanja huu. Finale ilianza kuuzwa mwaka 1988, na Sibelius mwaka 1993. Wachapishaji wakubwa walizitumia, na kwa uwezo wa kuandika muziki wa kila namna hazina upungufu wa kusema. Vigezo vya kwanza na vya pili huvitimiza vizuri mikononi mwa mtu aliyefundishwa.

Kigezo cha nne ndicho kinachotutia mashaka. Mwezi Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale. Tangazo la kwanza lilisema kwamba baada ya mwaka mmoja isingewezekana kuisajili programu hiyo katika kompyuta mpya. Watumiaji walilalamika sana, na kampuni ikakubali kuendelea kuruhusu usajili. Hata hivyo fundisho limebaki. Mtu aliyehifadhi kazi ya maisha yake katika faili za namna moja, ambazo kwa ukamilifu hufunguliwa na programu moja tu, ameikabidhi kazi hiyo kwa uamuzi wa kampuni ambayo haimjui.

Njia ya kujiokoa ipo, nayo ni MusicXML. Huu ni utaratibu wa kuandika muziki kwa namna ambayo programu mbalimbali zaweza kusomeana. Uliasisiwa na Michael Good, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004. Programu nyingi kubwa huweza kutoa faili za MusicXML. Shauri letu kwa kila mwenye faili za Finale ni kwamba azitoe zote kwa njia hiyo mapema, wakati kompyuta yake ingali inafanya kazi, kisha azikague moja moja, kwa maana katika uhamisho huo mpangilio wa ukurasa hubadilika na mara nyingine maneno huachana na nota zake.

4. MuseScore

MuseScore ilianzishwa mwaka 2002 na Werner Schweer wa Ujerumani. Hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi, maana yake ni kwamba mtu yeyote mwenye ujuzi aweza kuusoma na kuuendeleza. Toleo la nne lilitoka Desemba 2022, na tangu 2024 programu hii huitwa MuseScore Studio. Hufanya kazi katika kompyuta za Windows, za Apple na za Linux, na ikishawekwa haihitaji intaneti kwa kazi ya kuandika.

Kwa kigezo cha tano programu hii inashinda nyingine zote. Mwandishi huona mistari mitano mbele yake na kuweka nota kwa kipanya au kwa kibodi. Maneno huandikwa chini ya nota, silabi kwa silabi. Kordi huandikwa juu ya nota kwa amri yake maalumu, na programu huzitambua kuwa ni kordi. Kwa hiyo tuni ikihamishwa kutoka ufunguo wa G hadi wa F, kordi nazo huhama. Hapa tunawaonya wanaoanza: wengi huandika kordi kama maneno ya kawaida, kwa sababu kwa macho huonekana sawa. Maneno ya kawaida hayahami. Siku ufunguo utakapobadilishwa, kwaya itaimba katika F na mpiga gitaa atasoma kordi za G.

Udhaifu wa MuseScore umo katika wepesi wake. Kabla hujaandika nota ya kwanza hukuuliza ufunguo na mapigo, na usipojibu hukupa C na nne kwa nne. Kisha kila kipimo lazima kijae. Mwimbaji aliyevuta pumzi na kuichelewesha sauti hana mahali katika kipimo kilichojaa, na mwandishi aliyechoka hukata ile sauti ili itoshe. Programu yenyewe inaruhusu kubadili urefu wa kipimo kimoja kimoja na kuficha mistari ya vipimo, kwa hiyo kosa haliko katika uwezo wake. Kosa liko katika njia inayotufungulia kwanza, kwa maana watu wengi hupita mlango ulio wazi.

Jambo la pili ni sauti ya mashine. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2020, MuseScore huweza kuzipiga kordi pamoja na tuni. Ni msaada kwa anayetaka kusahihisha makosa ya uandishi. Lakini tumeona kwamba mtu akiisikia tuni mara nyingi pamoja na kordi, huanza kuirekebisha tuni ili ipatane nazo, na hapo ufafanuzi umeigeuza matini. Tunashauri kordi zisiandikwe kabisa mpaka tuni iwe imesomwa na kukubaliwa na wale walioiimba.

5. LilyPond

LilyPond ilianzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Nayo pia hutolewa bure na msimbo wake uko wazi. Haina mistari mitano ya kubofya. Mwandishi huandika herufi na tarakimu katika faili ya maandishi, kisha programu huisoma na kutoa ukurasa. Waanzilishi wake walitaka ukurasa unaofanana na ule wa mafundi wa zamani waliochonga nota kwa mkono katika mabamba ya chuma, na kwa maoni yetu wamefaulu.

Kwa kigezo cha pili LilyPond ni bora kuliko zote. Katika faili yake tuni huandikwa katika fungu lake, kordi katika fungu lake, na maneno katika fungu lake. Ukiliondoa fungu la kordi, tuni haitikisiki. Ukitaka kuweka kordi za watu wawili tofauti kwa tuni moja, unaandika mafungu mawili na kuchagua la kuchapa. Ile nidhamu ya Wamasoreti tuliyoitaja imo katika muundo wenyewe wa programu. Vivyo hivyo yapo maagizo ya kuandika tuni isiyo na vipimo, nayo hayana ugumu.

Kwa kigezo cha tano, hata hivyo, LilyPond inarudi nyuma. Kosa la mabano moja huweza kuzuia ukurasa wote usitoke, na ujumbe wa kosa huandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Mwalimu wa kwaya mwenye jioni moja tu kwa wiki atakata tamaa. Lakini kwa kamati inayotayarisha kitabu cha nyimbo mia mbili, yenye mtu mmoja au wawili wa kujifunza kwa miezi michache, sisi tungeipendekeza mbele ya nyingine zote.

6. Mwandiko wa ABC

Mwisho twaja kwa njia iliyo nyonge kuliko zote kwa sura. ABC si programu moja, ni namna ya kuandika tuni kwa herufi za kawaida. Chris Walshaw wa Uingereza alianza kujiandikia vipande vya tuni za jadi kwa herufi kabla hajajifunza nota. Baadaye, alipokuwa akiandika muziki wa zumari za mfuko za Kifaransa, alitengeneza programu ya kugeuza herufi hizo kuwa nota, na kufikia mwaka 1993 programu hiyo ilikuwa imekamilika. Toleo la 2.1 la kanuni za ABC lilitolewa Desemba 2011. Leo ziko programu nyingi za bure zinazoisoma. Tazama mfano huu mfupi tulioutunga kwa ajili ya makala hii:

X:1
T:Zoezi
S:(jina la mwimbaji, kijiji, tarehe)
M:6/8
L:1/8
K:G
"G"G2B d2B | "C"c3 "G"B3 |
w: A-su-bu-hi nje-ma

Mstari wa T ni jina la wimbo. M ni mapigo, L ni urefu wa nota ya msingi, na K ni ufunguo. Herufi zilizo ndani ya alama za kunukuu ni kordi, na mstari wa w ni maneno. Msomaji atambue kwamba mtu aweza kuusoma mfano huu bila kompyuta yoyote, na aweza kuutuma kwa simu kama ujumbe wa kawaida. Faili ya namna hii haina kampuni ya kuifunga. Kwa kigezo cha nne hatujaona kinachoishinda.

Kinachotupendeza zaidi ni kwamba ABC ilizaliwa miongoni mwa watu wa muziki wa jadi, na jambo hilo linaonekana. Mahali pa mapigo waweza kuandika M:none, yaani hakuna mapigo yaliyopangwa, na mistari ya vipimo ukaiweka pale pumzi ya mwimbaji ilipo. Ufunguo haulazimiki kuwa wa doh au wa lah tu, bali waweza kuwa wa re au wa soh, kama zilivyo tuni nyingi za zamani za Ulaya. Tena kuna mistari iliyotengwa kwa ajili ya chanzo: O kwa mahali tuni ilipotoka, S kwa aliyeitoa, Z kwa aliyeiandika, H kwa historia yake, na N kwa maelezo mengine. Programu nyingine zina sehemu za namna hiyo, lakini zimefichwa katika dirisha ambalo wengi hawalifungui. Katika ABC ziko juu ya tuni, mbele ya macho.

Mapungufu yake nayo tuyataje. Kordi zimechanganywa na nota katika mstari mmoja, ingawa alama za kunukuu huzitenga. Programu zinazoisoma hazikubaliani katika kila jambo. Na muziki wa sauti nne, au wa kiongozi na waitikiaji wanaopishana, huandikika lakini faili huwa ngumu kusomeka. ABC ni ya tuni moja yenye maneno na kordi, na nje ya hapo heri kutumia chombo kingine.

7. Mambo mawili yanayotuhusu hasa

La kwanza ni herufi H. Katika vitabu vya Kijerumani na vingi vya Skandinavia vya zamani, sauti ambayo Waingereza huiita B huitwa H, na herufi B humaanisha sauti iliyo chini yake kwa nusu toni. Makanisa yetu ya Kilutheri yalipokea vitabu kutoka pande zote hizo, na baadaye kutoka Marekani. Mtu anayenakili kordi kutoka kitabu cha Kijerumani, akaacha B ibaki B, atampa mpiga gitaa aliyefundishwa kwa Kiingereza kordi iliyo juu ya tuni kwa nusu toni. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 14 anazungumzia zumari na kinubi zisizotofautisha sauti zake, na tarumbeta itoayo sauti isiyojulikana. Hapa mfano wake watimia kwa herufi moja tu. MuseScore ina mahali pa kuchagua kordi zionyeshwe kwa namna ya Kijerumani au ya kawaida, na LilyPond ina amri iitwayo \germanChords kwa kazi hiyo. Kanuni za ABC hufuata herufi za Kiingereza. Tunashauri kwamba kila mkusanyo useme wazi katika ukurasa wa kwanza unafuata desturi ipi.

La pili ni solfa. Kwaya nyingi za Afrika ya Mashariki husoma kwa doh, ray, me, kwa namna iliyoanzishwa na Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Programu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya mwandiko huo wenye nukta na vistari vyake. MuseScore huweza kuonyesha majina ya solfa ndani ya vichwa vya nota, na hilo ni msaada kwa anayejifunza kusoma mistari mitano, lakini si solfa ya Curwen. Njia iliyo rahisi ni kuandika herufi za solfa kama mstari wa pili wa maneno chini ya nota. Hapa lile onyo tulilolitoa kuhusu kordi linageuka kuwa faida: kwa kuwa doh huhama pamoja na ufunguo, mstari wa solfa hubaki sahihi hata tuni ikihamishwa. Kinachobadilika ni tangazo la ufunguo peke yake.

8. Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kazi hii yote ni bure, kwa kuwa nyimbo zetu hufundishwa kwa mdomo na zitaendelea hivyo. Tunakubali kwamba mdomo ndio mwalimu wa kwanza. Lakini watoto wengi wa wale waimbaji sasa wanaishi mijini, na tuni isiyoandikwa hutegemea uhai wa mtu mmoja au wawili. Kuandika hakumwondoi mwalimu, huacha ushuhuda wake baada yake.

Wengine watasema kwamba vijana wanataka gitaa na kinanda, na kordi ndizo zinazowavuta. Hatupingi. Tunachoomba ni kwamba kordi ziwe na sahihi. Kama vile kitabu cha ufafanuzi wa Warumi huwa na jina la mwandishi na mwaka wake, vivyo hivyo chini ya tuni iandikwe kordi ni za nani na za mwaka gani. Kizazi kijacho kitajua kwamba kina ruhusa ya kuweka nyingine. Na pale ambapo tuni haidai kordi, nafasi iachwe wazi bila aibu.

Kuhusu jina la mwimbaji, vitabu vingi huandika tu kwamba tuni ni ya jadi, kana kwamba jadi haina watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu ulinzi wa sanaa za jadi. Lakini hata bila sheria, anayechukua tuni kutoka kinywani mwa mzee na kuandika jina lake mwenyewe peke yake hajatenda haki.

Hitimisho

Uamuzi wetu ni huu. Kwa kuhifadhi tuni, iandikwe kwa ABC, na chanzo chake kijazwe kabla ya nota ya kwanza. Kwa kazi ya kila wiki ya kwaya, itumike MuseScore, kwa sharti kwamba mwandishi aifahamu njia ya kuiepa nne kwa nne. Kwa kuchapa kitabu, itumike LilyPond ikiwa yupo mtu wa kujifunza. Programu za kununuliwa zitumike na wenye nazo, lakini zisiwe ghala la pekee, na nakala za MusicXML zitolewe kila mara.

Wanafunzi wetu huenda kwenye mazoezi ya vitendo katika sharika za mbali, ambako tuni hizi zingali hai. Kila mmoja akirudi na tuni tano tu, zilizoandikwa jinsi zilivyoimbwa, zikiwa na jina la mwimbaji juu yake na kordi zimetengwa au hazipo, chuo kitakuwa na hazina ambayo hakuna kampuni iwezayo kuifunga. Kazi hiyo haihitaji programu ya bei wala mtaalamu wa kutoka mbali. Yahitaji sikio lenye subira, na mkono usioharakisha kujibu maswali ya mashine kabla ya kumsikiliza mwimbaji hadi mwisho wa ubeti.